Kibali cha Bwawa la Ukumbini

41

Usitafute namba moja. Ilipita Februari, tukiwa kanisani.

Namba iliyo juu ya kila kipande ni kina cha maji katika ukumbi wa nyumba yangu, kwa sentimita, kama nilivyokipima siku hiyo kwa rula ya ubaoni niliyoondoka nayo shuleni nilipostaafu. Mimi ni Laurenti Ruhomvya, mwalimu wa jiografia. Miaka thelathini na nne niliwaambia watoto wa watu kwamba ziwa hupanda na kushuka. Kupanda nimeshakuona. Kushuka ndiko ninakokusubiri.

43

TANGAZO

Kwa wakazi wote wa Mtaa wa Ruhimba, upande wa ziwani.

Mnaarifiwa kuwa jengo lolote lililokaa ndani ya maji kwa miezi sita mfululizo litahesabika kuwa ni sehemu ya ziwa. Majengo hayo yatabomolewa, na misingi yake kung'olewa kwa tingatinga, ili vyombo vya uvuvi visigonge kuta. Kazi itaanza Alhamisi, tarehe 19.

Tangazo hili halihusu miundombinu ya ufugaji wa samaki yenye kibali halali.

Kwa amri.

43 (bado)

Mke wangu alilisoma mara moja tu. Kidole chake kilifika kwenye neno moja kikakaa hapo.

Misingi.

Jina lake ni Verediana, lakini mtaa mzima unamwita Mama Pacha. Pacha wenyewe waliishi siku mbili, miaka thelathini na moja iliyopita. Mama yangu mzazi ndiye aliyewazika, nyuma ya nyumba, chini ya ukuta. Kwao mtoto asiyeota meno hapelekwi makaburini kukaa na watu wazima asiowajua. Anabaki karibu na mama yake. Baada ya miaka mitano tukaongeza ukumbi juu ya pale. Verediana ndiye aliyetaka. Alisema mvua isiwanyeshee.

Sasa umeelewa. Tuendelee.

47

Yanayosikika kwenye mahema, uwanja wa shule, tulikohamishiwa wote:

— Mama Pacha kaenda tena kule majini?

— Kaenda. Na futikamba.

— Anapima nini, na nyumba imeshaliwa?

— Bwawa.

— Bwawa gani tena, shoga, ndani ya ziwa?

— La samaki. La ndani ya nyumba. Ukumbi mzima na vyumba vinne.

— Hee! Na Mwalimu anamwachia?

— Mwalimu ndiye anayechora ramani.

— Basi wamepatwa wote wawili.

— Usicheke.

— Sicheki, dada. Mimi wangu nimewazika kule juu kwenye mawe. Sicheki hata kidogo.

48

*Verediana, akisema, mimi nikiandika:*

"Andika, Mwalimu. Acha kuniangalia hivyo, andika. Ukumbi: mita kumi na moja kwa saba. Milango yote ya ndani itoke, vyumba viwe bwawa moja. Madirishani nyavu za matundu madogo, maji yaingie, samaki wasitoke. Ukuta wa mbele tunauongezea kwa mawe na viroba vya mchanga mpaka kifuani. Bati libaki. Litakuwa bwawa la ndani kubwa kuliko yote mkoa huu, waje na shule kuliangalia. Chumbani kwetu vifaranga. Stoo iwe ya wale wanaougua. Ukumbini perege. Perege ni wapole."

Na kambale? nikamwuliza. Kambale ni wagumu, wanavumilia.

"Kambale hapana."

Kwa nini?

"Wanachimba matope."

Kalamu ilikaa hewani. Nilijifanya nahesabu mita za mraba.

52

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA BWAWA LA SAMAKI LA NDANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kibali cha kuendesha bwawa la samaki lenye mita za mraba mia moja arobaini na moja ndani ya nyumba yangu. Sababu za maombi haya ni kama ifuatavyo:

(a) Maji yapo.

(b) Paa lipo, hivyo ndege hawatawafikia samaki.

(c) Samaki wameshaanza kuingia wenyewe, bila kushurutishwa.

(d) Mke wangu

Kipengele (d) nimekiandika upya mara nne na hakikai vizuri. Naomba mkipokee hivyo hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

L. Ruhomvya (Mwalimu Mstaafu)

55

Jumatatu tulipanga viroba arobaini.

Jumanne ziwa lilichukua kumi na moja.

Jumanne hiyo hiyo tulipanga ishirini.

Jumatano

Jumatano nilishindwa. Nilitupa koleo majini nikampigia kelele, mimi ambaye darasani sikuwahi kushika fimbo. "Vere! Hili ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya mia sita! Nimelifundisha! Utalizuia kwa viroba?"

Ana miaka hamsini na nane na goti moja bovu. Alikuwa amekumbatia kiroba, kinamchuruzikia tumboni. Alikiweka mahali pake kwanza, akakipigapiga kikakaa sawa.

"Mimi silizuii ziwa," akasema. "Nazuia tingatinga."

Nilipiga mbizi kutafuta koleo. Niliona aibu, na nilimpenda mke wangu siku ile mpaka nikaumia.

58

*Hapa anasema mwingine:*

Mimi ni Tusekile Mwambene, Afisa Uvuvi, miaka miwili kazini. Mabwawa niliyosomea ni ya kuchimba ardhini. Nilikwenda kule nikiwa na jibu tayari: haiwezekani. Nilivaa buti za mpira, na maji yakaingia kwa juu nikiwa bado barazani.

Mama alinipokea kama mgeni wa siku zote. "Karibu ndani, mwanangu. Pita pembeni, ushike ukuta. Pale nyuma usikanyage."

Nikadhani sakafu imebomoka.

Nyavu za madirishani zilikuwa zimeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, kama wa shuka la mtoto. Perege wachanga walikuwa wanapita chini ya kivuli cha kabati la vyombo. Niligonga kuta, nikapima, nikapima tena. Niliandika: LINAFAA. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Kazi hii haikupi mara nyingi nafasi ya kumwambia mtu ndiyo.

Ikabaki fomu.

58 (mchana)

12. Chanzo cha maji: *Ziwa.*

13. Aina ya samaki: *Perege.*

14. Je, ndani ya eneo la mradi kuna kaburi au makaburi? (Kama NDIYO, yahamishwe kabla kibali hakijatolewa.)

59

Niliweka alama kwenye HAPANA. Haraka, kama mwanafunzi anayeiba jibu la mwenzake.

Fomu ilitaka saini mbili, yangu na ya mwenzi. Verediana aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Alipofika kumi na nne aliichana vipande viwili. Halafu vinne.

"Umewakana."

"Vere, ni kisanduku tu."

"Umewakana kwa wino, Laurenti."

Hajaniita Laurenti tangu nilipoanza kufundisha, tangu mtaa uliponiita Mwalimu. Nikaenda kwa Bi Afisa kuomba fomu nyingine.

61

"Mama, kama wapo, utaratibu unataka wahamishwe."

"Nihamishe nini, mwanangu? Mmoja nilimbeba kwenye kiganja. Miaka thelathini na moja. Ukichimba leo utapata matope."

"Basi si ndiyo hivyo, mama? Kama hakuna kitu, hakuna kaburi. Weka HAPANA. Mimi nagonga muhuri hapa hapa, hakuna atakayewagusa."

"Una watoto?"

"Bado."

"Bukuru na Butoyi."

"Naam?"

"Majina yao. Kliniki hawakufika. Ubatizo hawakufika. Hawajaandikwa popote. Hii fomu yako ndiyo karatasi ya kwanza ya serikali kuniuliza kama wapo. Na wewe unataka niijibu

64

Alhamisi.

Tingatinga limeingia majini asubuhi. Limeshamaliza nyumba ya fundi cherehani, nyumba tatu kutoka hapa. Ukuta ukianguka majini hautoi mlio unaoutarajia. Halafu ndoo yake inazama, inachokonoa, inapanda na msingi.

Bi Tusekile yuko nje ya dirisha letu, maji yamempita magoti, ameinua ubao wa fomu juu ya kichwa. Analia, na anapaza sauti: "Mama, nakuomba! Nikipata saini yako nakwenda kulisimamisha! Dakika tano!"

Wewe unayesoma, ungemwambia nini? Aseme hawapo, wabaki? Aseme wapo, waje kung'olewa? Mimi nimeshamwambia yote mawili, asubuhi hii hii, nikiwa nimemshika bega. Sijui nimwambie nini tena.

Nyumba ya pili imeanza.

Verediana amesimama pale nyuma, mahali tusipokanyaga. Ni mara ya kwanza kumwona akisimama hapo. Perege wanamzunguka magotini.

"Lete kalamu," amesema.

Nimempelekea. Nimemshikia ubao. Ameinama. Nywele zimefunika karatasi, sioni ana

65

14. Je, ndani ya eneo la mradi kuna kaburi au makaburi?

[   ] NDIYO

[   ] HAPANA

*Weka alama ya vema katika kisanduku kimoja tu.*

*Tumia wino.*

*Usifute.*