Mwenyekiti wa Daraja la Pili

Mume wangu Yngve aliingia jikoni na viatu miguuni. Kwetu hata daktari wa dharura huvua viatu mlangoni, kwa hiyo nilijua kumeharibika kitu. Aliacha michirizi ya maji ya theluji mpaka mezani, akaketi bila kuvua koti.

"Kuna mtu ameomba hati za safari zangu," alisema. "Zote, za mwaka mzima. Tiketi, hoteli, mpaka risiti za chakula."

"Nani?"

"Ningemjua ningemtaja, Gunvor. Ndiyo maana nasema mtu."

"Si umuulize Ragnhild wa masjala? Yeye ndiye anayezitoa."

"Nimemuuliza. Kanikazia macho utadhani mimi mtoto wa chekechea. 'Mwenyekiti, sheria unaijua. Mwananchi akiomba karatasi za halmashauri hatumuulizi jina wala sababu. Na nikimjua kwa sura, simtaji.' Yaani mimi naongoza halmashauri hii, karani ananifundisha sheria!"

Sheria hiyo wanasiasa wetu wote huisifu majukwaani. Wakishaguswa wao wenyewe ndipo huiona ina miba. Nilimmiminia kahawa, nikamwambia lile ambalo mama yangu angemwambia.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani? Kama safari zako ni safi, waache wasome mpaka macho yawatoke."

"Wewe huijui siasa," alinijibu, kisha akarudi mlangoni kuvua viatu. Lile neno la safari safi alilipita kama hakulisikia, na mimi nikaliweka moyoni.

Lazima niseme habari ya jina la mume wangu, maana ndilo lililokuwa likitupa heshima. Mji wetu mzima wa Lillforsa ulimwita Yngve wa Daraja la Pili. Mwenyekiti aliyemtangulia alikwenda visiwa vya Kanari na wajumbe wenzake, kwa fedha ya mji, kujifunza namna ya kuzoa theluji barabarani. Ndiyo, theluji, Kanari. Walirudi wamebabuka jua, na hakumaliza hata muhula. Mkewe alihamia kwa dada yake kwa sababu kila akiingia dukani watu walimuuliza hali ya hewa. Ndipo Yngve akasimama na ahadi yake: hataki gari la halmashauri, hapandi ndege, atasafiri daraja la pili na mkate wake wa nyumbani. Gazeti la hapa lilimpiga picha kwenye treni ya Stockholm, mkate wa jibini juu ya goti. Mkate ule niliupaka siagi mimi, na hata kitambaa alichotandika kilikuwa changu.

Wala hakuwa akiigiza. Mume wangu ni bahili wa kuzaliwa. Machicha ya kahawa huyachemsha mara ya pili, na bahasha za zamani huzigeuza nje ndani. Mji ulimsifu kwa jambo ambalo mimi nililivumilia maisha yangu yote ya ndoa. Lakini nilijivunia, sikatai. Nilipoingia dukani watu walisema, "Huyo ndiye mke wa Yngve," na walisema kwa upendo. Uchaguzi ulikuwa Septemba. Jina lile likichafuka, kiti kimekwenda, na mimi ningekuwa wa pili kuulizwa hali ya hewa.

Basi tangu siku ile nyumba yetu ikawa kituo cha upelelezi. Kwanza alimshuku daktari wa meno, kwa kuwa aliwahi kuandika gazetini kulalamikia mashimo ya barabara. Halafu binti mwandishi wa gazeti la hapa. Halafu jirani yetu, eti anakata ua wa miti karibu sana na dirisha letu. Yngve alisimama nyuma ya pazia na kikombe chake, akimtazama mzee wa watu akikata matawi.

"Hebu angalia. Anakata tawi moja, anatazama huku. Tawi moja, anatazama huku."

"Anatazama kwa sababu kuna jitu limesimama nyuma ya pazia, Yngve. Hata mimi ningetazama."

Mwishowe shuku yake ilitua kwa Sixten. Huyu ni rafiki yake tangu shule ya msingi na ndiye naibu wake. Kila Machi hukaa wawili juu ya barafu ya ziwa, benchi moja, tundu moja la kuvulia samaki, na hawasemezani mpaka jua lizame. Kwenye orodha ya chama Yngve ni wa kwanza, Sixten wa pili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alianza siku moja tukila viazi. "Mimi nikianguka, nani anapanda? Wa pili."

"Sixten? Sixten huyu anayetoa machozi ng'ombe akizaa?"

"Jana nimeingia ofisini kwake, kafunika karatasi. Kazifunika kwa gazeti, Gunvor! Namuuliza anafanya nini, ananiambia anasoma michezo. Sixten na michezo wapi na wapi?"

"Labda kuna timu imeshinda."

"Cheka tu. Kwenye sherehe yangu simtaki."

Yngve alikuwa anatimiza miaka sitini mwezi wa Mei, na nilikwisha kukodi ukumbi wa kijiji na kuagiza keki ya mkate yenye kamba na mayonezi. Nilimwambia kama Sixten haji, basi na mimi siji, akasherehekee na jirani wa ua. Alinuna, lakini jina la Sixten likabaki.

Sasa, shuku ni kama mafua, haimtoshi mtu mmoja nyumbani. Siku chache baadaye niliwakuta Sixten na Ragnhild dukani, wameinamiana mbele ya rafu ya kahawa wakinong'ona. Ragnhild alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Waliponiona wakanyamaza.

"Ah, shemeji!" Sixten aliruka. "Nilikuwa namwambia Ragnhild, sukari imepanda bei sana."

"Hii ni kahawa, Sixten."

"Na kahawa pia, shemeji. Kila kitu. Hatari tupu."

Akaondoka na kikapu kitupu. Nilirudi nyumbani moyo umenijaa, nikawaza kwamba kumbe Yngve ana haki, huyu bwana anatuchimbia shimo. Lakini nikimenya viazi jioni ile, jambo jingine likanijia, na hilo halikutaka kuondoka. Mtu mwenye mikono safi huudhika akichunguzwa. Yngve hakuwa ameudhika. Yngve alikuwa na hofu. Tulipotaja risiti za treni alipumua kama kawaida, tulipotaja za hoteli alishika kisu vibaya. Nilianza kuwaza mabaya ya aina ninayoyajua: labda alipanda daraja la kwanza kwa siri, labda kuna mkandarasi aliyempeleka Norway kuvua samaki akamlipia kila kitu. Nilikasirika mapema, hata kabla ya kujua. Miaka yote ile mimi nimepaka siagi, halafu yeye akale kamba wa watu?

Jumatatu nikavaa koti langu zuri, nikaenda ofisi za halmashauri. Nilikuwa na haki kama mwananchi yeyote. Nisingetaja jina, nisingeulizwa sababu, ningetoka na bahasha. Ragnhild alikuwa nyuma ya kaunta, miwani imeshuka puani.

"Dada Gunvor! Nikusaidie nini leo?"

Nilifungua kinywa. Ndipo nikajiona kama ambavyo angeniona yeye: mke wa Yngve wa Daraja la Pili, anaomba risiti za mumewe kwa karani. Nikasema moyoni kwamba mke anayefika hapo hana ndoa tena, ana faili. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mapipa ya taka," nikasema. "Yale ya kahawia. Wanayachukua siku gani siku hizi?"

Ragnhild alinitazama kidogo. "Alhamisi, mpenzi wangu. Kama siku zote."

Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Niliamua kumwamini mume wangu, na nilijisikia vizuri, kama mtu aliyerudisha kitu ambacho nusura akiibe.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Daktari wa meno alikuja, binti wa gazeti alikuja na kamera, hata jirani alikuja na chupa ya divai aliyoipika mwenyewe, na Mungu atusamehe sote tulioinywa. Yngve alikaa karibu yangu na tai ya buluu. Alimtazama kila mgeni aliyeingia kama askari wa forodha anavyotazama sanduku. Kando ya kila sahani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa na kufungwa utepe, ndani yake maneno ya wimbo. Kwetu mwenye siku yake ya kuzaliwa hawezi kukwepa kuimbiwa wimbo wa kumtania. Asiyeimbiwa ni mtu asiye na marafiki. Baada ya keki Sixten akasimama, uso mwekundu kwa furaha, akagonga glasi.

"Mwenyekiti! Najua umehangaika miezi miwili hii. Umemshuku kila mtu, na mimi umeacha hata kunisalimia. Basi nakiri mbele ya umma: aliyeomba hati zako za safari ni mimi! Nilitaka mashairi yawe ya kweli tupu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa ile raha ya mzigo kutuliwa. Nilimgeukia Yngve nimpige begani. Hakuwa akicheka. Alikuwa amekata utepe wa karatasi yake, macho yake yanakimbia kwenye mistari kuelekea chini.

Tukasimama, tukaimba kwa sauti ya wimbo wa watoto ambao kila mtu anaujua. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Stockholm, alivyokesha kwenye kiti cha treni ili asilipe kitanda. Wa pili ulikuwa wa Sundsvall, alivyotembea na mkoba wake kwenye mvua kwa sababu teksi ni ghali. Tulikuwa tukipiga meza. Kisha tukafika wa tatu, na mimi niliuimba pamoja na wenzangu, neno kwa neno, kabla akili yangu haijaufikia:

*Karlstad kwenye baridi, na mkewe kaingia,*
*chumba kimoja wawili, gharama kapunguzia,*
*na chai ya asubuhi, ya Gunvor kajilipia,*
*hata yai la mkewe, mji hatukuchangia!*

Watu walishangilia. Walinigeukia na glasi juu, "Gunvor! Gunvor!" na binti wa gazeti akanipiga picha. Sixten alikuwa akipeperusha nakala ya risiti ya hoteli hewani. "Imeandikwa hapa, jamani! Mgeni wa pili, chakula cha asubuhi, yai, kalipa mwenyewe mfukoni! Mnamwona mtu wenu alivyo mwaminifu?"

Mimi sijawahi kukanyaga Karlstad. Wakati ule wa baridi nilikuwa nyumbani, nimepanda ngazi peke yangu kushusha theluji ya paa. Yeye alinipigia simu akisema chumba ni kidogo, kitanda kinamuumiza mgongo. Nilimwonea huruma. Nilimwambia ajifunike vizuri.

Na nilimwelewa mzima, kwa mara moja, pale nilipokuwa nimesimama na glasi mkononi. Mwanamume mwingine angeacha yai lile lilipwe na mji, na hoteli isingeandika popote habari ya mgeni wa pili. Lakini mume wangu hakuweza. Aliomba litengwe, akaweka krona chache, pesa ya mfukoni mwake, juu ya kaunta, akadai risiti. Watu wa Lillforsa hakuweza kuwaibia hata yai. Mimi aliweza. Nilisikia hasira ikinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu ambao sikutaka mtu auone.

"Shemeji!" Sixten aliita. "Tuongozee kumshangilia mzee wetu, hurei mara nne!"

Wote wakainua glasi wakinisubiri. Yngve alinishika mkono wa gauni, akaninong'oneza bila kusogeza midomo.

"Kumbe ni wewe. Wewe ndiye uliyemtuma Sixten kuomba zile karatasi. Mmepanga pamoja."

Hata hapo. Hata hapo alikuwa akimtafuta mbaya wake, na akamkuta kwangu.

"Nilifika mpaka kaunta, Yngve," nilimwambia, na sikunong'ona. "Nikaulizia mapipa ya taka. Kila mtu katika mji huu ana haki ya kuona risiti zako, na mimi peke yangu ndiye niliyeona haya kuziomba."

Sixten alishusha ile karatasi polepole. Ragnhild alivua miwani. Niliweka glasi mezani, nikauchomoa mkono wangu kwenye vidole vya mume wangu, nikamuuliza mbele ya wapiga kura wake wote:

"Sasa niambie, nani alikula yai langu?"