Jiwe la Redio

Fundi wa mawe alinisomea maneno kutoka kwenye daftari lake kama mhudumu wa hoteli anavyokutajia vyakula vilivyobaki.

"Kuna 'Pumzika kwa amani'. Hilo ndilo linalochukuliwa sana. Kuna 'Daima mioyoni mwetu'. Kuna 'Umetutangulia'."

"Nani katangulia?" nilimwuliza. "Anayetangulia huaga. Mwanangu hakutangulia, alisukumwa."

Alilifunga daftari taratibu, akapangusa vumbi la mawe kwenye nyusi zake. Nadhani aliwahi kuona wengi wakilia katika kile kibanda chake, lakini mimi sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo haina pa kutokea.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini na tano nimeshona sare za watoto wa shule, na shule yenyewe sikuiona ndani. Sijui kusoma hata kibandiko cha chumvi. Kwa muda mrefu jambo hilo halikunisumbua, kwa sababu nilikuwa na Redio.

Redio ni kitinda mimba wangu. Jina lake lingine liko kwenye vyeti, lakini nyumbani tulimwita hivyo kwa sababu tangu alipojua kusoma hakunyamaza. Alisoma mabango ya dukani, karatasi iliyofungiwa maandazi, maelezo ya dawa ya kikohozi, na kila kimoja alikisoma kwa sauti ya kutangaza taarifa ya habari. Alipofika darasa la tatu aliniambia, "Mama, kaa hapa nikufundishe. Wiki mbili tu utakuwa umejua." Nikamwambia, "Nijue ili iweje, na redio ninayo?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kibao.

Nina mwandiko wangu, lakini. Nguo ya kurekebisha ikiletwa, naichora vijiti vya chaki upande wa ndani: kijiti kimoja kwa kila mahali pa kushona. Wateja wanaona mikwaruzo tu. Kaka yake Redio, mwanangu wa kwanza, aliyesoma hadi akapata kazi ya ofisini, hakuwahi hata kuuliza ni nini. Redio peke yake ndiye aliyeuelewa. Alikuwa akirudi kutoka shule anazipekua nguo na kutangaza: "Suruali ya mzee jirani, vijiti vitatu: zipu, pindo na goti. Mama, huyu mzee anapiga magoti kwa nani?"

Akakua, akaolewa. Nilimshonea gauni la buluu la kuendea kwa mumewe.

Mara ya kwanza aliporudi nyumbani, mkono wa gauni lile ulikuwa umechanika kuanzia begani. Sikumwuliza mengi. Nilichora kijiti kimoja, nikashona, nikampa chai, nikamwambia ndoa ndivyo zilivyo, hata mimi na baba yake hatukuanza vizuri. Nikamsindikiza hadi kituoni.

Mara ya pili vifungo vitano vilikuwa vimeng'oka na jicho moja halifunguki. Vifungo vya kufanana navyo sikupata, nikabadili vyote. Nilipokuwa nikikata uzi kwa meno nikamwambia, "Mvumilivu hula mbivu." Akasema, "Sawa, mama." Nikamsindikiza tena.

Mara ya tatu gauni lilikuwa zima. Niliamini gauni kuliko mwanangu. Nililitazama mbele na nyuma, nikatazama pindo, sikuona pa kushona, nikamwuliza, "Sasa leo umefuata nini?" Redio, ambaye hata usingizini alikuwa akiongea, hakunijibu. Nikamwambia arudi kwake mapema, mumewe asije akamkosa na kukasirika. Alikunywa maji, akaosha glasi, akaondoka. Siku hiyo sikumsindikiza, nilikuwa na sare za kumalizia.

Siku kumi na moja baadaye mkwe wangu alipiga simu.

Mkwe ni mtu wa heshima zake. Shikamoo yake huitoa ameinama, mikono miwili. Aliwaambia watu kwamba mke wake alianguka ngazi. Nyumba ile naijua. Mapazia yake nilishona mimi, madirisha niliyapima moja baada ya jingine. Haina ngazi. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda zao. Walichoandika sikijui, maana wa kunisomea alikuwa ndiye aliyekufa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu alilisikia la mkuu. Alilisikia mara tatu.

Ndiyo maana nilipokaa kwenye kibanda cha fundi wa mawe sikutaka maneno ya kwenye daftari. Nilikuwa nimekuja na yangu.

"Andika," nilimwambia. "Alirudi kwetu mara tatu. Mama yake akamrudisha."

Kalamu yake ilisimama hewani. "Mama, watu huandika sifa za marehemu. Haya ni mashtaka."

"Ndiyo. Na mshtakiwa ni mimi. Sijamtaja mtu mwingine."

"Nikishachonga halifutiki."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mchora mabango."

Aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Nikamwomba aniwekee kidole juu ya kila neno huku akilitamka, nami nikahesabu. Maneno saba. Manne kwenye mstari wa juu, matatu chini. Akasema juu yake atachonga jina na miaka, hayo hayana mjadala. Aliniandikia nakala, nikaikunja na kuiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini za uzi. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilipata usingizi. Nilijiambia: angalau pale kaburini hakutakuwa na uongo. Sikuwa na kitu kingine chochote cha kumpa.

Mwanangu wa kwanza alipopata habari alikuja na tai yake shingoni, hata kiti hakuvuta.

"Mama, huko ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Unataka mji mzima ujue?"

"Mji mzima unajua. Haujui sehemu yangu tu."

"Watu watakucheka."

"Wacha wacheke. Mimi nilicheka nilipokuwa na la kuchekea."

"Na mtoto?" alisema. Alimaanisha mjukuu wangu, binti wa Redio, mwenye miaka minne, anayeishi kwa baba yake na kuletwa kwangu kila Jumapili. "Yule bwana akiyaona maneno hayo, unadhani ataendelea kukuletea mtoto? Na siku moja mtoto mwenyewe atajua kusoma, mama."

"Ndiyo ninachotaka. Ajue kusoma, asome."

Alilegeza tai, akasema kwa upole, "Haya, mama. Tufanye unavyotaka. Mambo ya fundi niachie mimi, wewe pumzika." Nilipaswa kushtuka. Mwanangu huyu tangu utotoni hajawahi kushindwa ubishi kwa upole. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akiambiwa apumzike haulizi maswali.

Jiwe lilisimamishwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa wachache, na wengine walisimama mbali, kwenye njia. Mwanangu alisimama mbele yake, akasoma kwa sauti, kidole kikipita juu ya herufi: jina, miaka, kisha, "Alirudi kwetu mara tatu. Mama yake akamrudisha." Sauti yake ilitetemeka, nikadhani ni uchungu.

Nikamgeukia mkwe. Siku zote nilikuwa nikiisubiri dakika hiyo. Nilitaka nimwone anavyokunja uso, au anavyoinamisha kichwa, au hata akasirike aondoke. Alikuwa amesimama karibu na jiwe kuliko sisi sote, analitazama. Macho yake yalipita juu ya maneno, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na chakula, akatoa leso, akajifuta. Akaja akanishika mikono miwili. "Jiwe zuri, mama," akasema. "Asante sana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na leso ile moyoni. Mtu hawezi kushukuru kwa maneno yale. Nikajipa moyo kwamba labda ana moyo mgumu kupita kiasi. Siku ya pili ikapita. Jumatatu nilifungua droo, nikachukua karatasi, nikaenda makaburini peke yangu.

Sijui kusoma, lakini kuhesabu najua. Mtu hawezi kushona bila hesabu. Niliikunjua karatasi juu ya jiwe, nikaweka kidole kwenye kila neno kama fundi alivyonifundisha. Kwenye karatasi, saba. Kwenye jiwe, chini ya jina na miaka, tano. Nikarudia. Nikaanza upande wa kulia. Tano. Neno la kwanza la karatasi lilianza kwa herufi yenye ncha juu kama paa la nyumba. La kwanza la jiwe lilianza kwa herufi nyingine kabisa.

Kwenye kaburi la tatu kutoka pale kulikuwa na mama mmoja anang'oa magugu. Nilimwita.

"Nisomee hapa, mwenzangu. Miwani nimeisahau."

Akaja akijipangusa mikono. "Mke mpendwa na mama mwema," akasoma. Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Maneno mazuri. Ni mwanao?"

Nilimwambia ndiyo. Akanipa pole, akarudi kwenye magugu yake. Nilikaa chini. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Nilihisi kama mtu aliyezikiwa mwanawe mara ya pili, safari hii mazishi yamefanyika yeye akiwa amesimama palepale, akiambiwa ni harusi.

Mwanangu hakukana. Nilimfuata kazini kwake, tukasimama kwenye korido, watu wakipita na mafaili.

"Nilikwenda kumwona shemeji," alisema akiangalia viatu vyake. "Nilimwambia kabla, nikadhani tutaelewana. Akasema jiwe hilo likisimama, mtoto hatutamwona tena. Akasema maneno ya kuandika atatoa yeye. Sasa ningefanyaje, mama? Niambie wewe ningefanyaje."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungesemaje?"

Watu waliendelea kupita. Nilijua ningesemaje. Nikiwekewa jiwe upande mmoja na mjukuu upande wa pili, ningemchukua mjukuu. Ningesema, basi, yaishe, tuvumilie. Ningetoa maneno yaleyale niliyompa mama yake nikikata uzi kwa meno. Mwanangu alinijua vizuri. Alifanya tu kile ambacho ningekifanya mimi, akaniondolea aibu ya kukifanya.

Kwa fundi wa mawe sikurudi. Ningemwambia nini?

Jumapili mjukuu aliletwa, nywele zimesukwa vizuri, viatu vinang'aa. Baba yake alinipa shikamoo mlangoni, ameinama, nami nikaiitikia. Marahaba, nilisema, kwa mdomo huu. Mtoto akaketi chini karibu na cherehani akichezea vifungo, na baadaye, bila kuulizwa, akasema:

"Bibi, mama alianguka ngazi."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. Alikuwa akinitazama, kifungo mkononi, anasubiri niseme ndiyo au hapana. Ana macho ya Redio. Nikafikiria Jumapili ijayo, na nyingine, na mlango ambao ungefungwa kwa neno langu moja.

"Kunywa chai yako," nilimwambia.

Akanywa.

Siku iliyofuata nilikwenda makaburini na mkasi wangu wa zamani, ule uliovunjika mshikio mmoja. Hakukuwa na mtu. Nyuma ya jiwe, upande usio na maandishi, nilikwaruza kwa ncha. Jiwe ni gumu, vidole vilitoka damu, lakini mkono uliozoea kazi hauulizi. Nilichora kijiti cha mkono wa gauni. Nilichora kijiti cha vifungo. Nilichora kijiti cha gauni lililokuwa zima. Kisha nikachora cha nne, cha chai ya Jumapili.

Mwanangu aliviona wiki mbili baadaye, tulipokwenda kupanda maua. Alivipitisha kidole.

"Watoto wahuni wamekwaruza jiwe," alisema. "Nitamwita fundi alisugue."

"Acha. Nimeandika mimi."

"Umeandika nini?"

"Soma. Si ulikwenda shule?"

Aliinama, akavitazama muda mrefu vile vijiti vinne, tai ikining'inia juu ya udongo. Mwisho akainuka, akatikisa kichwa. Sikumlaumu. Mwandiko wangu alikuwa akiujua mtu mmoja tu, na tulikuwa tumesimama juu yake.