Alama Tano kwa Minyoo

Pastory Werema alikuwa bwana shamba wa kijiji cha Rwamkanga, kwenye vilima vya Butiama, kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo serikali ilimpa vitu viwili: baiskeli na lawama. Tairi za baiskeli zilikwisha tangu miaka ile ya kukosa sabuni, sukari na viberiti, akazijaza majani makavu na kuzifunga kwa kamba za mpira, na tangu hapo akawa anaisukuma zaidi kuliko kuipanda. Lawama hazikwisha. Mvua ikikosekana, bwana shamba. Pamba ikilala ghalani bila mnunuzi, bwana shamba.

Basi mwaka 1988, maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena vitenge na redio, na kila mtu akaambiwa kwamba biashara sasa ni huria, Pastory aliitwa mjini kwenye semina pamoja na mabwana shamba wenzake. Ulikuwa umekuja mradi mpya. Mradi huo haukutaka kujua mtu amevuna magunia mangapi. Ulitaka kupima mandhari yote kwa pamoja, vilima, mabonde, miti, maji na watu wake, ili ijulikane kama nchi hiyo itadumu au inakwisha.

Mwalimu wao alikuwa Dokta Stanislausi, mtu mfupi mwenye suti ya Kaunda na kalamu nne mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema siku ya kwanza, "ardhi haisemi. Viashiria ndivyo vinavyosema."

Viashiria vilikuwa arobaini na kimoja, na kila kimoja kilipewa alama kuanzia sifuri hadi tano. Kulikuwa na kina cha makorongo, idadi ya miti, muda wanaotembea wanawake kutafuta kuni, ndege wanaosikika ndani ya dakika kumi, na minyoo wanaopatikana katika shimo la futi moja. Alama zote zilichorwa kwenye karatasi ya duara na kuunganishwa kwa mistari, ukatokea mchoro kama utando wa buibui. Utando mpana, mandhari ni endelevu. Utando ukisinyaa, mjue mnakwisha.

Wenzake walisinzia, lakini Pastory alipenda kweli. Tangu atoke chuoni alikuwa akitumwa kuhesabu pamba tu, na sasa kuna mtu anamwambia aangalie kila kitu. Alirudi Rwamkanga juu ya pikipiki ya mradi, rangi ya njano, na bunda la fomu kifuani, akipiga honi hata pasipo na mtu.

Alipima kwa uaminifu, wiki mbili nzima. Korongo lililoshuka katikati ya kijiji lilimfika kifuani. Miti ilikuwa michache kuliko visiki. Minyoo hakuwaona popote, isipokuwa kwenye shamba la mjane mmoja, Ursula Wegesa, lililokuwa kwenye mteremko mkali kuliko mashamba yote. Pale mihogo, mtama na kunde vilisimama pamoja, maboga yakitambaa katikati yake, na kila hatua kumi kulikuwa na safu ya mawe iliyokata mteremko. Pastory alichimba shimo lake akakuta minyoo kumi na wanne. Akaandika tano. Kisha akafika kiashiria cha kumi na tisa, akakohoa.

"Umeandika nini hapo?" Ursula aliuliza.

"Sifuri, mama."

"Sifuri ya nini?"

"Ya mistari. Mazao yako hayako kwenye mistari."

"Na hayo mawe siyo mistari?"

"Fomu inataka mistari ya mazao."

Ursula alimtazama kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa jina la ng'ombe. Alirudi kupalilia.

Rwamkanga ilipata alama thelathini na nane kati ya mia mbili na tano. Pastory alipeleka matokeo Musoma akitegemea kwamba mtu atashtuka. Dokta Stanislausi alifurahi.

"Hii ndiyo hali ya mwanzo," alisema. "Sasa subiri. Tutapima tena baada ya miezi sita. Kijiji kitakachopanda kuliko vingine vyote kitapewa mashine ya kusaga."

Habari hiyo ilifika kijijini kabla ya pikipiki. Mwenyekiti wa kijiji, Eliasi, alikuwa akimsubiri Pastory barabarani, kofia mkononi.

"Mura, kijana wangu, hebu nione hiyo fomu." Aliisoma mbele na nyuma, midomo ikicheza. "Huu si ndio mtihani wenyewe?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na maswali yote tunayo?"

"Tunayo, lakini—"

"Basi tukifeli sisi ni wajinga wa kuzaliwa."

Pastory alitaka kueleza kwamba alama si kitu, kitu ni ardhi. Lakini alipofika nyumbani alimkuta mkewe Dafroza ndiyo kwanza anatua debe la unga. Alikuwa ametoka Butiama kusaga, kwenda na kurudi kwa miguu, kama alivyofanya kila wiki. Alikaa kwenye kizingiti akijikanda shingo.

"Nilikuwaga na shingo mimi," alisema. "Sasa hii ni nguzo tu. Eti mashine inakuja kweli?"

Pastory aliangalia zile nywele zilizonyonyoka utosini kwa sababu ya ngata.

"Itakuja," alijibu.

Na tangu siku hiyo akawa haoni. Aliona wanaume wakikata matawi kwenye miti michache iliyobaki na kuyachomeka ardhini kwa safu ili miti iwe mingi, akapita. Alimsikia Eliasi akiwafundisha wanawake mkutanoni kwamba ukiulizwa kuni ziko mbali kiasi gani, jibu ni dakika kumi, na mama mmoja aliyejibu kwa mazoea "asubuhi mpaka mchana" akaambiwa arudie mara tatu. Pale kwenye kigingi cha chuma alichochomeka Pastory kupimia kina cha korongo, na pale tu, walijaza udongo na nyasi mpaka kikabaki kichwa. Korongo lenyewe liliendelea huku na huku kama kawaida.

Kilichobaki kilikuwa minyoo. Hapo ndipo alipotokea Mbuke, mwanamke wa Guta aliyekuwa akiwauzia chambo wavuvi wa ndoana. Alikuja na baiskeli, gunia la katani lililoloweshwa maji likiwa nyuma, akabadilishana na wanakijiji, kopo la minyoo kwa kisado cha ulezi.

"Hawa ni wa kandokando ya ziwa, wanene," aliwasifia. "Hata kamongo hawakatai. Lakini nyie mnafanyia nini chambo, na huku hakuna hata bwawa?"

"Mama, biashara ni huria," Eliasi alimjibu. "Mteja haulizwi anapika nini."

Siku ya upimaji Dokta Stanislausi alifika na Landrova na wageni wawili waliokuwa wakitabasamu tangu walipofungua mlango. Alfajiri Eliasi na wenzake walikuwa wamezika minyoo mahali patatu, wakafukia vizuri na kuweka vijiti vya alama. Kijiji kizima kilijipanga. Ursula naye alikuwapo, amesimama pembeni na jembe lake begani, kwa kuwa njia ya kwenda shambani kwake ilipita hapohapo.

Walipokaribia kijiti cha kwanza walisikia kelele. Kuku wote wa Rwamkanga walikuwa pale. Walikuwa wakifukua kwa miguu yote miwili, wakipigana mabawa, na jogoo mmoja wa Eliasi alikuwa amekamata mnyoo mrefu akimvuta kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Eliasi alivua kofia akawakimbiza, lakini kuku waliofukuzwa upande huu walirudi upande ule. Waliokuwa wamejipanga wakaanza kucheka, na waliokatazwa kucheka wakacheka zaidi.

Pastory hakucheka. Alimwona Ursula akimtazama. Hata hasira hakuiona machoni mwake. Alikuwa akisubiri tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa. Pastory alisogea mbele.

"Dokta, hawa minyoo si wa hapa. Wamenunuliwa. Ni chambo kutoka Guta. Na ile miti haina mizizi, ukiivuta inang'oka. Na korongo limejazwa kwenye kigingi tu."

Kicheko kilikatika. Eliasi alivaa kofia yake. Dokta Stanislausi aliifungua fomu, akautazama ukurasa wa kwanza, akautazama wa mwisho, akarudi kwenye wa kwanza.

"Hakuna mahali pa kuandika hayo," alisema kwa sauti ya chini. "Nijibu kilichoulizwa. Minyoo wapo au hawapo?"

"Wapo, lakini—"

"Tano." Akaandika. Kisha akatega sikio. "Na ndege? Naona ndege ni wengi."

"Hao ni kuku, Dokta."

"Kwa elimu ya viumbe, kuku ni ndege. Tano."

Wageni walipiga picha. Mmoja aliushika mti uliochomekwa, mti ukabaki mkononi mwake, akaurudisha kwenye tundu lake taratibu kwa adabu, akaendelea kutabasamu.

Barua ilikuja mwezi wa tatu. Rwamkanga ilikuwa imepata alama mia moja sabini na moja, na utando wake wa buibui ulikaribia kugusa kingo za karatasi. Kijiji kilitunukiwa hati yenye fremu: Mandhari Endelevu. Kuhusu mashine ya kusaga, barua ilieleza kwamba wafadhili walikuwa wamebadili utaratibu. Mandhari endelevu haihitaji tena msaada. Mashine ilikuwa imepelekwa kwenye kijiji kimoja cha ufukweni kilichopata sifuri kwenye kila kiashiria, kwani bwana shamba wake aliugua na fomu yake ikarudi tupu. Mwishoni, pikipiki irudishwe Musoma kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku ile hakuna aliyemsalimia Pastory. Waliomlaumu kwa kusema ukweli na waliomlaumu kwa kuuchelewesha walikuwa wamekaa benchi moja. Dafroza aliikunja barua, akamrudishia.

"Ulisema itakuja," alisema tu, akajitwika debe lake la mahindi na kushika njia ya Butiama. Pastory alimfuata, akamwomba debe, akalibeba yeye mpaka mashineni. Njiani watu walimshangaa. Alipolitua shingo ilikuwa inawaka moto, na ilikuwa safari ya upande mmoja tu.

Aprili mvua ilianguka siku nne. Matawi yaliyochomekwa yalisombwa yote siku ya kwanza. Siku ya tatu korongo lilimega njia ya kisimani, na siku ya nne kona ya ghala la ushirika ikadondoka ndani yake pamoja na mabati. Ghala lilikuwa tupu.

"Basi hatujapoteza kitu," Eliasi alisema. Lakini alisema akipima kwa macho hatua zilizobaki kutoka pale mpaka kwenye ukuta wake, na sauti haikuwa ya uenyekiti.

Kesho yake Pastory alipiga hodi kwa Ursula. Shamba la mteremko lilikuwa limelowa tu, halijachanika popote.

"Nimekuja unifundishe, mama."

"Umekuja na fomu?"

"Hapana."

"Na jembe?"

"Hapana."

"Sasa umekuja na nini?"

Alirudi nyumbani kuchukua jembe. Dafroza alipomwona akilitoa, alichukua la kwake pia.

Walianzia juu, korongo lilipozaliwa, wakipanga mawe kukata mteremko. Ursula alikuwa mwalimu mkali. Jiwe likikaa vibaya alilipiga teke na kusema, "Maji yanaona hilo." Alimweleza Pastory kwamba safu hizo alizipanga babake mzazi, kwamba wakati wa kuhamishiwa vijijini wengi waliacha zao, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Pastory alitaka kusema kwamba aliuliza. Akakumbuka alichoandika, akainua jiwe lingine.

Wiki ya kwanza walikuwa watatu. Ya pili walikuja wanawake wa njia ya kisimani, maana ndio waliokuwa wakizunguka mbali. Ya tatu Eliasi alisimama kando, mikono nyuma.

"Mura, mstari huu unaishia wapi?"

"Unapita katikati ya pamba yako, Mwenyekiti."

Eliasi alitazama pamba, akatazama korongo. "Upitishe," alisema, akakunja mikono ya shati.

Mei ikaja barua nyingine kutoka Musoma. Dokta Stanislausi alimwalika Pastory aeleze, mbele ya mabwana shamba wa mikoa mitatu, jinsi Rwamkanga ilivyofanikiwa. Pastory alijibu kwa kurasa mbili, akieleza kila kitu tangu kuku mpaka ghala, akaomba Dokta aje mwenyewe. Jibu lilikuwa fupi: barua imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada.

Korongo halikufukika mwaka ule wala uliofuata. Lakini vuli ya mwaka uleule ilipofika, mvua ya kwanza ilishuka kwa fujo mchana, na watu wakatoka nje kuangalia. Maji yalikuja mekundu kutoka kilimani, yakagonga safu ya kwanza, yakaivuka. Yakagonga ya pili, yakapoa. Kwenye ya tatu yakasimama, yakatanda nyuma ya mawe, yakaanza kutua matope yake. Pastory alikuwa amelowa mpaka mifupani, viatu vimezama, akiangalia yale maji yakitulia, na Dafroza alimwita mara tatu aingie ndani kabla hajasikia.