Mlango wa Papa Issy

Meneja wa jengo letu pale South Beach alitugongea asubuhi ya Ijumaa Kuu, mwaka 2015, wiki zile ambazo Durban ilikuwa inawaka moto juu ya sisi wageni, wenyeji wakitupiga na kutufukuza. Alisema mpaka jioni wageni wote tuwe tumetoka, mji ukipoa tutarudi. "Ni kwa usalama wenu," akasema.

Usalama wangu! Tangu lini anajali usalama wangu, mtu ambaye lifti yake imekufa tangu Krismasi na anatuacha tupande ngazi na ndoo?

Séverin, mume wangu, alikuwa ameshaanza kufunga mifuko, eti twende kwenye mahema waliyopigiwa wenzetu waliofukuzwa. Nikamwambia: "Nilikimbia vita kwetu Kongo, Uvira. Nilikimbia kambi. Sasa nikimbie na hapa, ambapo mtoto wangu amezaliwa? Sikimbii!" Mdomo ulikuwa mkali, lakini woga nilikuwa nao.

Papa Issy wa mlango unaotazamana na wetu alisikia kelele akaingia bila hodi. Huyu ni mzee wa Kiyahudi, miguu myembamba, amestaafu kuuza viatu. Kila asubuhi huzunguka na Corolla yake akiokota wazee wenzake kuwapeleka sinagogi, maana vijana wao wote wamehamia Johannesburg na Australia. Akifa mmoja, yeye ndiye anamwosha. Watoto wake wako Sydney, wanamlilia kila siku awafuate, naye huwajibu: "Wazee wangu nimwachie nani?" Binti yangu Gracieuse humwita babu.

Aliitazama mifuko. "Leo jioni Pasaka yetu inaanza. Mnakula kwangu. Hiyo mifuko ikae."

"Papa, hao watu watakuja," Séverin akasema.

"Waje. Baba yangu alikuwa mtoto kule Lithuania, wakaambiwa hivyo hivyo: tokeni, ni kwa usalama wenu. Nyumba yao hawakuiona tena." Akageuka akaenda zake.

Basi, mtu haendi kula kwa watu mikono mitupu. Nilikaanga mikate yetu ya duara, ile iliyoumuka vizuri, sufuria nzima, nikagonga kwake. Mama Freda, mkewe, alipofunua mfuniko alipiga kelele: "Mkate! Toa nje! Toa!"

Mungu wangu, nilidhani ananifukuza mimi. Siku nzima nafukuzwa, na hapa tena? Machozi yakanilenga. Kumbe Pasaka yao kitu chochote kilichoumuka hakikai nyumbani, na yule mama alikuwa amesugua mpaka nyuma ya friji. Papa Issy alicheka mpaka akakohoa. "Mkate ndio unafukuzwa, mama, si wewe. Acha sufuria pale kwenye korido, uingie."

Mezani walikuwepo wazee wake wanne, kila mmoja na fimbo yake ya kutembelea. Tulikula mkate wao mkavu kama katoni, tukala na mzizi mmoja mkali uliomtoa Séverin machozi, tukamcheka. Waliimba, wakasimulia walivyotoka utumwani Misri. Nikasahau kidogo.

Sasa, desturi yao, chakula kikiisha mlango wa nje unafunguliwa wazi, kumngoja nabii wao. Mtoto ndiye hutumwa kufungua. Na saa ileile tukasikia viatu kwenye ngazi, halafu ngumi juu ya mlango wangu, ng'ambo ya korido. "Marie-Jeanne!" meneja akaita jina langu. "Muda umekwisha!"

Mama Freda alimshika mumewe mkono. "Issy, mwaka huu mlango tuuache tu umefungwa."

"Babu zetu waliufungua usiku huu wakijua kabisa adui yuko nje," Papa Issy akasema. Sijawahi kumwona na uso ule. "Kwangu hauachwi." Akajaribu kuinuka, magoti yakamkatalia. Macho yakamwendea Gracieuse.

"Mtoto hapana," nikasema. "Nitafungua mimi."

Niliogopa, sitadanganya. Nilifungua mpaka ukutani. Meneja aligeuka, yuko na wanaume wawili, mmoja ana rungu.

"Nilikwambia utoke," akasema.

Hapo hasira ikanipanda, woga ukakosa pa kukaa. "Tulikuwa tunangoja mgeni," nikamwambia, "lakini si wewe."

Nyuma yangu sauti ya Papa Issy ikapasuka: "Mwenye njaa aingie ale! Mwenye neno na familia yangu aanze na mimi!" Nikasikia viti vinaburuzwa. Wazee wote wanne walikuwa wamesimama, fimbo mkononi, Séverin katikati yao.

Yule wa rungu alinitazama, akawatazama wale vikongwe. "Eish. Ulituambia iko nyumba haina watu, kazi ni kubeba vitu tu," akamwambia meneja. Akashuka ngazi, na mwenzake akamfuata.

Meneja akabaki peke yake, kiatu chake kando ya sufuria yangu. "Hata hivyo, humu hamruhusiwi kukaa," akasema, sauti imepungua.

Nilifunua mfuniko. Mikate ilikuwa imepoa, lakini bado laini.

"Katika nyumba hii kisichoruhusiwa ni huu mkate," nikamwambia. "Chukua, kula. Mimi narudi mezani kwetu."

Nikarudi kukaa, na mlango sikuufunga.