Titi la Papa Théodore

Enzi zile, king'ora cha kiwanda cha shaba kikilia jioni, wake wa Likasi walijua ni saa ya kubandika maji ya kuoga. Wanaume wa elektrolizi, idara ya kusafisha shaba, walirudi kwa baiskeli wakipigiana kengele; ingawa walikuwa wameshinda wakinyanyua mabamba ya shaba kutoka kwenye mabafu ya asidi, bado walikuwa na nguvu za kushindana barabarani. Waliketi uani vifua wazi, bia ya Simba mkononi, wakionyeshana walikochomwa. Asidi ilipenya shati na kubabua ngozi. Aliyebabuka sana aliitwa mukubwa. Mgeni mwenye ngozi safi alichekwa: "Weye ungali bibi harusi!" Na hakuna aliyekwenda zahanati kwa ajili ya doa la asidi. Afadhali kulia chooni.

Kwa hiyo chuchu ya kushoto ya Théodore, mmoja wa wanaume hao, ilipoanza kubanduka na kuwasha, hakushtuka. Alifurahi. Aliwaonyesha wenzake, wakagonga chupa.

Kisha mambo yakaanguka. Wenzao waliotoka mkoa wa Kasai walifukuzwa, wakapakiwa kwenye treni na masufuria yao, na daktari aliyezalisha watoto wote wa mtaa akaondoka nao. Unga ambao Kampuni yenye kiwanda iliwagawia wafanyakazi ukakoma. Mabafu yakakauka. Vijana walibeba sururu wakaenda kuchimba madini kule Kambove, na wazee wa kazi wakabaki barazani wakisikiliza king'ora ambacho hakilii. Théodore aliendelea kuvaa shati lake la buluu kila asubuhi. Kidonda kilikuwa bado kipo, na moyoni alikipenda, kama mtu anayebaki na ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

Mkewe, Clotilde, ndiye aliyefua lile shati. Siku moja alilinyoosha juani, akaona damu kifuani.

"Papa Élie," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "kuja hapa. Hii ni nini?"

"Asidi, mama. Unajua."

"Kiwanda kinalala tangu mwaka ule mwingine. Hii asidi inatokea wapi? Miye ndiye ninakumwagia usiku?"

Kesho yake Clotilde alimshika mkono kama mtoto wa shule, wakaenda hospitali.

Dokta Camille alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo na vidole visivyo na haya. Alikitazama kidonda, akaibonyeza nyama ngumu iliyojificha chini yake, akainua mkono wa Théodore na kupapasa kwapani, akakuta uvimbe mwingine. Alikata kipande kidogo cha nyama, akakituma Lubumbashi. Jibu lilikawia, maana kila kitu kilikawia. Lilipofika, aliwaita wote wawili.

"Papa, hii haiko asidi. Ni saratani ya titi."

Théodore alicheka mpaka kiti kikalia. "Dokta, angalia jina muzuri. Labda ni ya huyu mama. Miye niko na titi?"

"Jina ni lako. Kila mwanaume ana titi, dogo, linalala tu. Mara chache sana linashikwa na ugonjwa huu. Walimu wangu walinisimulia. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona kwa macho." Akaeleza bila kuzunguka: wataondoa titi lote na uvimbe wa kwapani, halafu vidonge, kwa miaka.

"Na nitapona?"

"Sijui. Ukikaa hivyo, najua."

Kicheko kilikwisha. Zaidi ya hayo, wodi ya wanaume ilikuwa imefungwa, mabati yake yamekwenda na watu. Angelazwa na wanawake.

"Hapana!" alisema Théodore akifunga vifungo. "Miaka yote nimenyanyua shaba ya dunia nzima kwa mikono hii. Leo niende kulala na wamama, nikatwe titi? Hii alama ni ya kazi. Hamutaikata."

Aliondoka, akamwacha Clotilde ameketi. Miguu ilimpeleka yenyewe kwenye lango la kiwanda. Zamani, ukikaribia pale, ulisikia ardhi ikinguruma hadi kwenye meno. Sasa majani yalikuwa yameota katikati ya reli. Mbele ya lango Firmin, aliyekuwa jirani yake kwenye mabafu ya asidi, mwenye alama kuliko wote, alikuwa ametandaza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele juu ya gunia.

"Mukubwa!" Firmin aliita. "Umekuja kupiga kazi? Umechelewa kidogo!"

"Firmin, fungua shati."

"Eh! Hata salamu hakuna? Miye siko bibi yako."

"Fungua, ndugu yangu."

Firmin aliacha mzaha alipoona macho yake. Alifungua. Théodore alitafuta zile alama alizozionea wivu ujana wake wote, ile ya shingoni, ile pana ya ubavuni. Hazikuwapo. Ngozi ilikuwa imejifunga, laini, kama ya mtu ambaye hajawahi kuingia kiwandani.

"Zilienda," Firmin alisema, akijitazama kwa aibu. "Zote. Kazi ikiisha, zinaisha. Bibi yangu anasema nimerudi kuwa kijana. Na yako?"

Théodore alisimama akishika kifua juu ya moyo, pale shati lilipolowa, na kwa mara ya kwanza aliogopa kitu alichokuwa akikilea. Kisha akarudi hospitali kwa mwendo wa haraka. Clotilde alikuwa bado ameketi palepale.

"Waambie wakate," alimwambia.

Wanawake wa wodini walimpokea kwa vigelegele. "Karibu, mama mwenzetu! Mupeni kitenge!" Théodore aligeukia ukutani. Alipozinduka baada ya kupasuliwa, bandeji imembana, ni Angèle wa kitanda cha jirani, aliyekatwa titi kabla yake, aliyemshikia kikombe. Vidonge vilipatikana Zambia, kupitia kwa Suzanne, dada yake Clotilde, aliyekuwa akivuka mpaka kwa biashara. Ila mkono wake wa kushoto uligoma kuinuka. Dokta aliamuru yeye na Angèle wapandishe mkono ukutani kila siku, vidole vikitambaa, na wachore alama kwa makaa pale walipofika.

Vidole vya Angèle vilipanda hadi juu ya kichwa. Théodore alifika begani, jasho likamtoka.

"Hawa njo wale wanaume wa Kampuni?" Angèle alisema. "Mulikuwa munanyanyua shaba, ama mulikuwa munaiangalia tu?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Clotilde, mlangoni na sufuria ya bukari, yaani ugali, alijifunika mdomo.

"Sogea, mama," Théodore alimwambia Angèle. Alikunja mkono wa pajama, akabandika vidole ukutani, na akaanza tena kutoka chini.