Saa za Sefakor

Akishindwa tena mtihani wa dawa, anatolewa chuo cha uuguzi. Sefakor aliambiwa hivyo Ijumaa mchana, zikiwa zimebaki wiki tatu tu. Mwalimu wake, Madamu Akpene, alimpa karatasi iliyochorwa miraba midogo, kila mraba nusu saa.

"Ukisoma, paka rangi. Usiposoma, acha wazi. Kila Ijumaa niletee."

Sefakor aliibandika ukutani, juu ya kitanda cha mama yake. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia tangu Krismasi. Kaka zake wawili walikuwa Accra, na kutoka huko hata salamu hawakutuma. Kumwogesha mama, kumlisha akple, ugali wa kwao, tonge kwa tonge, kumgeuza asipate vidonda, kufua mashuka, yote yalikuwa yake, na kati ya hayo mafunzo ya wodini. Alijipangia saa ishirini kwa wiki. Akifungua daftari, mama anakohoa. Akirudi, hakumbuki alipoishia. Mstari mmoja anausoma mara tatu, mara ya nne kichwa kinaangukia kurasani.

Ijumaa ilipofika akahesabu rangi: saa nne na nusu.

"Hiyo ndiyo unampelekea?" Edinam, rafiki yake wa darasani, aliangua kicheko. "Shoga, unajichimbia kaburi huku unaimba! Penseli haina mdomo. Paka!"

Akapaka. Aliendelea mpaka zikatimia saa kumi na tisa.

Madamu Akpene aliikagua karatasi polepole, akapitisha kidole kwenye miraba minne iliyofuatana.

"Jumatano, saa nane hadi saa kumi alasiri. Ulisoma nini?"

"Dawa za moyo, Madamu."

"Jumatano saa tisa nilikuwa kliniki ya viungo na baba yangu. Nilikuona unapanda ngazi, mama yako mgongoni."

Sefakor alijitetea: "Nikikuletea ya kweli, Madamu, utasema mimi mvivu."

"Nitajie hiyo ya kweli."

Akaitaja, siku baada ya siku. Madamu alivua miwani.

"Mtihani hausogezwi, mwanangu, na mimi si mwenye chuo. Ila unapomwogesha mama, mdomo wako una kazi gani?"

Tangu siku hiyo Sefakor alisoma kwa sauti. Sifongo mkononi, daftari limeegemezwa kwenye ndoo, anataja dawa, kipimo, madhara. Mama akawa mwanafunzi. Sefakor akikosea, mama anagonga ukingo wa kitanda kwa mkono mzima wa kushoto. "Si... hiyo," anasema, ulimi mzito. "Ile... ya figo." Wiki ya tatu miraba iliyopakwa ilifika saa kumi na mbili, zote za haki.

Mtihani aliufanya Jumatatu. Alirudi anajua maswali mawili yamempita kabisa.

Majibu yalipobandikwa alisukumana na wenzake hadi mbele. Arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini. Madamu Akpene aliingia kwenye kikao cha wakuu wa chuo na karatasi zote tatu, akatoka nazo zimekunjwa.

"Nimewaomba hadi nimeona haya," alisema. "Wamekataa. Unaweza kuomba upya mwakani, uanze na wa mwaka wa kwanza." Akampa fomu.

Nyumbani, mama alimsoma uso kabla hajaketi.

"Ngapi?"

"Arobaini na nane, Mama."

"Wanataka... ngapi?"

"Hamsini."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua, aliiona fomu mapajani mwa bintiye.

"Jaza."

"Miaka mitatu mingine, Mama! Miaka miwili imekwenda na maji. Na nani atakugeuza?"

Mama aligeuza uso ukutani, na Sefakor akainamia ndoo akikamua sifongo majini tena na tena, ili mama asimsikie analia.