Ukuta Ulioinama

Mzee Rula alikuwa mchora ramani za nyumba. Jina hilo alibandikwa na vijana wa ofisini kwake, maana mstari ukipinda hata kidogo yeye hakai akatulia. Hakuna karatasi iliyopita mezani pake bila kufutwa na kuchorwa upya, na aliyenuna, shauri yake.

Nyumbani mambo yalikataa kunyooka. Tangu mama mtu afariki, bintiye hakumpa neno zaidi ya salamu. Ndiyo maana leo walikuwa kwa mshauri, mwanamke mpole aliyewapa karatasi na penseli, akawaomba kila mmoja achore nyumba yao jinsi alivyoihisi mwaka ule wa ugonjwa wa mama.

"Hatutafuti uzuri hapa," alisema. "Na hakuna kugusa kazi ya mwenzako."

Rula alimaliza chapuchapu: ramani safi, hadi bawaba za milango. Binti alichora polepole, ncha ya ulimi nje kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nyumba yake ilikuwa imeinamia upande mmoja, na katika chumba cha upande huo kulikuwa na kitu kidogo cheusi, kimejikunja. Moyo wa baba ulimdunda kwa furaha. Hatimaye mtoto alikuwa anamwambia jambo.

Mshauri akainuka kwenda kufungua dirisha. Mkono wa mzee, mkono usio na adabu ule, ukachukua kifutio.

"Hapa, mwanangu, ukuta ungeanguka," alisema, akaufuta, akaunyoosha vizuri kabisa. Kile cheusi kilikuwa njiani, kikaenda na ukuta.

Binti aliweka kidole pale palipofutwa.

"Huyo nilikuwa mimi, baba."

Mzee aliweka kifutio chini. "Nisamehe. Namrudisha sasa hivi."

"Haya." Binti alimsogezea penseli nyeusi. "Nilikuwa nafanya nini humo?"

Rula aliishika penseli. Chumba kile alikichora mwenyewe kabla hakijajengwa; alijua upana wake, alijua dirisha linafungukia wapi. Lakini mwaka ule wote alipita mlangoni akaenda zake, akijiambia mtoto yuko sawa, maana yuko kimya. Aliirudisha penseli mezani.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Binti alitikisa kichwa taratibu, akachukua mkoba wake, akaenda zake.